Miti imeshika, lakini ardhi imepona?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji, upande wa Oldonyo Sambu, Arusha. Tulikuwa na machimbo ya moramu na kokoto, kama ekari tano hivi. Wachimbaji walipomaliza walisawazisha, wakapanda miti 1,200. Sasa ni mwaka wa tatu, na wameleta ripoti kwamba miti 1,030 iko hai. Wanataka serikali ya kijiji isaini kuwa ardhi imerudi katika hali yake, wakabidhi, waondoke. Baadhi ya wazee wanasema tusaini ili tupate malisho. Mimi nasita. Tutajuaje kama ardhi imepona kweli, sisi tusio na maabara wala vifaa? Na mbuzi waruhusiwe kuingia lini?

Jibu: Marahaba, Mama Katibu, na poleni na majukumu. Nakuandikia kutoka Moshi, lakini barabara ya Namanga naifahamu vizuri, na machimbo ya ukanda huo nimeyapitia kwa zaidi ya miaka 20 nikiwa na kamba, koleo na daftari. Naanza na linalokusumbua zaidi: msisaini mwaka huu. Sisemi hivyo kwa kudhani mmedanganywa. Inawezekana kabisa miti 1,030 iko hai, na kama ndivyo, waliopanda wanastahili pongezi, kwa maana upande wenu ni wa kivuli cha mvua cha Mlima Meru na upepo wake haumwonei huruma mche. Lakini ripoti hiyo imejibu swali ambalo hamkuuliza. Imesema miti mingapi haijafa. Ninyi mnataka kujua kama ardhi imeanza kujitunza yenyewe.

Mche uliopandwa kwenye shimo lililojazwa samadi, ukaletewa maji ya boza kila wiki kiangazi kizima, unaweza kusimama miaka mitatu juu ya jiwe tupu. Mizizi yake bado iko ndani ya shimo lile lile la kupandia. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza, hata kabla ya kwenda kuangalia, ni hili: boza liliacha kuja lini? Kama liliacha mwaka jana, mna ushahidi wa kiangazi kimoja. Kama linaendelea kuja, hamna ushahidi wowote bado. La pili, ni miti gani? Wengi hupanda mikaratusi na milusina kwa sababu inashika haraka na kupendeza kwenye picha. Mlusina umo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya zaidi duniani, na ukishaanza kumwaga mbegu kwenye makorongo yenu, kijiji kitaukata vizazi na vizazi.

Hapa Afrika Mashariki tuna mfano mmoja ambao kila anayefanya kazi hii anapaswa kuujua. Bamburi, karibu na Mombasa, kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe hadi pakabaki jangwa jeupe lenye chumvi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikabaki tatu, na mmoja wa hiyo mitatu ulikuwa mvinje. Mivinje ilikua vizuri, na mtu wa kuhesabu miti angeishia hapo na kuandika ripoti nzuri. Haller akaangalia chini. Majani ya mvinje yalikuwa yamelala kama mkeka, hayaozi, udongo hautengenezwi. Ndipo akaleta jongoo, hawa wakubwa wenye miguu myekundu wa Pwani, wakayatafuna majani na kuyageuza kuwa mboji. Kutoka hapo ndipo mimea mingine ikapata pa kuota. Leo ni msitu wenye wanyama, na watu hulipa kiingilio kuuona. Somo ninalolibeba kila ninapoingia kwenye shimo la zamani ni la jongoo kuliko la mvinje: nainama kwanza, halafu ndiyo nainua macho.

Sasa tuje kwenu. Kabla ya kupima chochote mnahitaji kitu cha kulinganisha nacho. Nyasi 40 kwa kila mita moja ya mraba ni nyingi au chache? Namba hiyo haina maana mpaka ujue pale jirani, pasipochimbwa, kuna ngapi mwezi huo huo. Mvua ya mwaka ikiwa nzuri, hata bega la barabara litakuwa kijani. Ikikosekana, hata ardhi yenye afya itaonekana imekufa. Tafuteni vipande viwili vya ardhi ambayo haikuguswa, karibu na machimbo, vyenye mteremko ule ule, vinavyoelekea upande ule ule wa jua, na vyenye udongo wa aina moja na ule uliokuwepo kabla ya kuchimba. Nasema viwili kwa sababu kimoja kinaweza kuungua moto au kugeuzwa njia ya ng'ombe, mkabaki hamna kipimo. Na msichague kipande kizuri kuliko vyote kijijini, kile kilichotunzwa kama alalili, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya ndama, kwa sababu hapo mtawadai wachimbaji kitu ambacho hata ardhi yenu ya kawaida haina. Chagueni ardhi ya wastani mnayokubali kuwa nayo.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo vijiji vingi huliruka. Ardhi hii mnaitaka iwe nini? Kama ilikuwa malisho yenye migunga michache michache, msitu mnene wa miti ya kigeni siyo urejesho, hata kama kila mti uko hai. Ombeni kuona kile kilichoahidiwa. Kama mradi ulipita kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, yale maandishi yana sehemu inayoeleza ardhi itaachwa katika hali gani. Kama ni leseni ndogo, kunatakiwa kuwe na mpango wa kutunza mazingira. Afisa mazingira wa halmashauri anaweza kuwasaidia kuupata. Someni kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji. Nimekuta mahali ambapo mpango uliahidi nyasi za asili na kufungua njia ya maji, na kilichofanyika ni miti tu, na hakuna mtu kijijini aliyekuwa ameuona ule mpango.

Twende shambani. Nikiwa na nusu siku tu ya kukagua, muda wangu mwingi unaishia kwenye ngozi ya ardhi, yaani sentimita chache za juu. Kuna mtafiti wa Australia, David Tongway, aliyetengeneza njia ya kusoma ardhi kwa kuangalia inavyoshika au kupoteza mali yake: maji, udongo, majani yaliyoanguka, mbegu. Njia hiyo imetumika sana kwenye migodi, na uzuri wake ni kwamba kwa kiasi kikubwa inataka macho na kamba. Ardhi nzima, anasema, ina vituo na ina njia. Kituo ni pale kitu kinaposimama: shina la nyasi ya kudumu, kigogo kilicholala, kichuguu, kokoto zilizozuia majani. Njia ni ile sehemu tupu ambayo maji hupita nayo mbio na kuondoka na kila kitu. Ardhi iliyopona ina vituo vingi vilivyokaribiana. Ardhi mgonjwa ina njia ndefu.

Fanyeni hivi. Chukueni kamba ya mita 50, muilaze kutoka juu kwenda chini, kufuata mteremko, yaani pale maji yanapopita. Tembeeni taratibu mkiandika: kutoka sifuri hadi mita 1.8, pako tupu, kutoka 1.8 hadi 2.1, nyasi, kutoka 2.1 hadi 6, tupu, na kuendelea. Mwishoni jumlisheni. Tuseme kwenye machimbo vituo vinafika mita 8 kati ya 50, na kwenye ardhi ya jirani ni mita 22. Hapo mna jibu ambalo mzee yeyote atalielewa bila kutafsiriwa. Rudieni kamba tatu au nne sehemu mbalimbali. Ncha za kila kamba zitieni alama ya kudumu, kwa sababu mwakani mtatakiwa kulaza kamba pale pale. Nondo huibwa na kuuzwa chuma chakavu, kwa hiyo kwangu huku Uchagani mara nyingi natumia masale. Yakipandwa kama mpaka hakuna anayeyang'oa. Kwenu kwenye ukame mawe makubwa yaliyofukiwa nusu na kupakwa rangi yatatosha.

Kwenye kila kituo na kila njia, piga magoti. Je, juu pameganda gamba gumu linalong'aa baada ya mvua? Hilo ni gamba la matone, maji hayapenyi hapo. Je, kuna majani makavu, na ya chini yake yameanza kuoza na kushikana na udongo, au yamepeperushwa tu na upepo na kukusanyika? Je, mizizi ya nyasi iko wazi, imening'inia, kwamba udongo umeondoka chini yake? Kuna vijimfereji? Kuna mchanga mpya uliomwagwa juu ya nyasi? Hayo yote yaandikwe.

Halafu kuna majaribio matatu ya bei rahisi ninayoyapenda sana. La kwanza ni punje ya udongo. Chukua donge kavu la ukubwa wa sentimita moja hivi kutoka juu ya ardhi, lidumbukize kwenye glasi ya maji ya mvua, tazama. Likitawanyika ndani ya sekunde chache, udongo huo hauna gundi ya mboji na mvua itaubeba. Likikaa zima dakika kadhaa, kuna uhai humo. Fanyeni madonge kumi kwenye machimbo na kumi kwa jirani.

La pili ni kopo. Kata kopo la rangi au la maziwa ya unga pande zote mbili, lisukume kama sentimita tano ardhini, lowesha kwanza, kisha mwaga nusu lita ya maji na angalia saa ya simu. Andika yamechukua muda gani kuzama. Mahali pamoja hapatoshi. Fanyeni angalau matano kwenye machimbo na matano kwa jirani, mengine kwenye vituo na mengine kwenye njia. Mkikuta maji yanazama dakika mbili kwa jirani na dakika ishirini kwenye machimbo, hamtahitaji maabara kuwaambia mvua ya masika itaenda wapi.

La tatu ni nondo ya milimita 8, na hili nalisisitiza kwa sababu lilinifundisha kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye timu iliyokagua shimo moja la moramu lililorejeshwa. Miti ilisimama, majani ya kijani, tukahesabu, tukaandika kwamba kazi imefaulu. Masika iliyofuata maji yalishuka juu ya uso ule na kuuchana. Walipotuita tulikuta korongo lenye kina cha kunifika kiunoni na miti imelala ndani yake. Chini ya sentimita 20 za udongo mzuri kulikuwa na sakafu iliyoshindiliwa na malori kwa miaka, na hakuna aliyeipasua kabla ya kumwaga udongo wa juu. Mizizi ilifika pale ikageuka pembeni. Maji yalifika pale yakateleza. Sisi tulikuwa na nafasi ya kulijua hilo kwa kuchoma nondo ardhini mara kumi tu, na hatukufanya. Wenye ardhi ndio waliobaki na korongo, na saini yangu ipo kwenye karatasi ile. Kwa hiyo, siku mbili baada ya mvua nzuri, wakati udongo una unyevu, msukumeni nondo kwa mikono, mtu yule yule, na mpime imeingia sentimita ngapi. Kwa jirani, kisha kwenye machimbo. Ikigota kila mahali kwenye kina kile kile, mjue mna sakafu chini, na dawa yake ni katapila lenye meno ya kupasua, tena lipite kufuata kontua, yaani kukingama na mteremko. Miti zaidi haitasaidia.

Ulizeni pia udongo wa juu ulikwenda wapi. Kabla ya kuchimba moramu, ule udongo mweusi huondolewa na kurundikwa. Ukirundikwa mlima mrefu kwa miaka, mbegu, kuvu na vijidudu vilivyomo hufa kwa sehemu kubwa, ndiyo maana inashauriwa rundo lisipite mita mbili hivi na lirudishwe mapema. Lakini mara nyingine udongo huo haukurundikwa kabisa, uliuzwa kwa watu wa bustani. Wazee wanaokaa jirani na machimbo watakumbuka malori yalibeba nini.

Kwenye mimea, ninachokuomba ni kubadilisha kinachohesabiwa. Acheni kuhesabu iliyopandwa, hesabuni iliyojiotea. Mche wa mgunga ambao hakuna aliyeupanda, umetoka kwenye mbegu iliyopita tumboni mwa mbuzi au iliyoletwa na ndege, ukapita kiangazi bila boza, una thamani kuliko miche hamsini ya kwenye viriba. Na zaidi ya hapo, miti au nyasi zilizorudishwa zikitoa mbegu na mbegu hizo zikaota, hapo mna kizazi cha pili. Ardhi imeanza kuzaa. Tengenezeni fremu ya mita moja kwa moja kwa fito nne. Kando ya ile kamba, kila mita tano, wekeni fremu hata kama imeangukia mahali pabaya. Mkichagua pa kuiweka, macho yatachagua pazuri, tena bila kukusudia. Ndani ya fremu andikeni: aina ngapi za nyasi, za kudumu au za msimu, miche mingapi iliyojiotea, na sehemu gani ya fremu iko wazi.

Majina yasiwatishe. Kina mama na wazee wa Kimasai wa hapo wanaijua nyasi ipi ng'ombe anaikimbilia na ipi inaota mahali palipochoka, na elimu hiyo ni ya uchunguzi wa miaka mingi. Iandikeni kwa majina yao ya Kimaa. Mmea msioujua, bananisheni tawi lenye ua katikati ya magazeti, mlikaushe, na mkipata safari ya mjini lipelekeni Ngaramtoni, ambako ndiko iliko hifadhi ya taifa ya sampuli za mimea. Ni karibu nanyi kuliko ilivyo kwa vijiji vingi vya nchi hii.

Na gugu karoti. Arusha tunalijua sasa, lile lenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe. Linapenda ardhi iliyovurugwa, linasafiri kwenye magurudumu ya malori na ndani ya moramu yenyewe, mmea mmoja unamwaga maelfu ya mbegu, na linawasha ngozi na kuharibu ladha ya maziwa. Kwenye machimbo linaweza kufunika eneo lote likapendeza kwa mbali. Likionekana kwenye fremu hata moja, ling'olewe kabla halijatoa maua, kwa glavu au mfuko mkononi, na iwe kwa gharama ya aliyechimba. Hilo liwe sharti kwenye barua yenu.

Wadudu nitawapitia kwa kifupi, ingawa moyoni nawapenda. Kwenye migodi ya boksiti ya Australia Magharibi, Jonathan Majer alionyesha kuwa sisimizi ni wasomaji wazuri wa ardhi: aina zao huongezeka na kubadilika kadiri uoto unavyorudi. Fukieni vikombe vya plastiki hadi mdomo uwe sawa na ardhi, wekeni maji na sabuni kidogo, viacheni siku mbili, kisha tenganisheni wadudu kwa maumbo, hata bila majina. Aina nne kwenye machimbo dhidi ya kumi na tano kwa jirani ni habari kubwa. Vichuguu vya mchwa, na wale mbawakavu wanaoviringisha mavi, wakirudi wenyewe, andikeni tarehe.

Maji. Siku ya mvua kubwa mtu mmoja asimame pale korongo linapotoka kwenye machimbo, mwingine juu pale linapoingia, kila mmoja achote chupa ya lita moja. Ziacheni zitulie usiku kucha, mlinganishe tope lililozama. Chupa mbili kwenye meza ya mkutano hunyamazisha ubishi wa saa nzima. Nitatoa angalizo hapa kwa sababu nimeona kesi ikiharibika: maji mengi ya kuzunguka Meru yana floraidi nyingi kwa asili yake, kutokana na miamba ya volkano, mara nyingi juu ya miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaiweka kama ukomo. Msije mkapima floraidi mkakuta iko juu mkawatupia lawama wachimbaji. Wataonyesha kisima kilicho juu ya machimbo kina floraidi ile ile, na tangu hapo hata yale ya kweli hamtaaminiwa. Kama kuna chemchemi au kijito, angalieni pia umbali: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Na kama wameacha shimo linalojaa maji au ukuta uliosimama wima, hilo lisisubiri kipimo chochote. Watoto huzama humo. Likataliwe leo.

Simu zenu ni vifaa pia. Chagueni sehemu nne za kusimama, wekeni jiwe kwenye kila moja, na kila mara mpige picha kutoka pale pale, kuelekea upande ule ule, saa ile ile ya siku, mtu mmoja akisimama mbele na kijiti cha mita moja kama kipimo. Kijana yeyote aliyesoma kompyuta mjini anaweza pia kuwasaidia kutazama picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo ni bure, hupatikana kila baada ya siku tano kama mawingu yanaruhusu, na kila kigae chake, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwa 10. Ekari zenu tano ni kama vigae 200. Mnaweza kurudi nyuma hadi 2015 mkaona ukijani wa pale ulivyokuwa, ukashuka lini, na unapanda kwa kasi gani ukilinganisha na jirani. Ila setilaiti haitofautishi malisho na gugu karoti. Kwake vyote ni kijani.

Mara ngapi? Mara mbili kwa mwaka inatosha: mwishoni mwa masika, Mei kuelekea Juni, mnapoona ardhi inaweza nini, na mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli, mnapoona inashika nini. Ile ya kiangazi ndiyo yenye ukweli zaidi na ndiyo inayorukwa na wakaguzi wengi. Kwa hali ya hewa ya kwenu mimi nisingeamini chini ya miaka mitano ya kumbukumbu, na katikati yake uwepo mwaka mmoja wa mvua mbaya. Ardhi iliyovuka mwaka mbaya na kurudi ndiyo ninayoweza kuiita imepona. Msitegemee ifanane na jirani kwa kila kitu. Mnatafuta mwelekeo: kila mwaka pengo kati ya machimbo na jirani lipungue. Likisimama miaka miwili bila kupungua, kuna kitu kimekwama, mara nyingi kiko chini ya udongo.

Kuhusu barua ya makabidhiano: jibuni kwa maandishi, kwa heshima, kwamba mmepokea ripoti na mnaanza ufuatiliaji wenu, na mpendekeze wao washiriki. Waombeni watu wao waje kulaza kamba pamoja nanyi. Namba zilizopimwa na pande mbili hazibishaniwi. Andikeni mambo mtakayoyaangalia, na kando ya kila moja, kitakachofanyika likishindikana. Kwa mfano: vituo vikiwa chini ya nusu ya vile vya jirani mwishoni mwa mwaka wa pili, aliyechimba atapasua udongo na kuweka makinga maji ya mawe kwenye kontua. Kipimo kisicho na hatua nyuma yake ni daftari tu. Nakala ziende kwa afisa mazingira wa halmashauri, ofisi ya baraza la taifa la mazingira (NEMC) Kanda ya Kaskazini iliyopo Arusha, na Afisa Madini Mkazi. Kufunga mgodi ni suala la mamlaka hizo, kwa hiyo saini ya kijiji si neno la mwisho, lakini ikishawekwa itatumika kila mahali kama ushahidi kwamba ninyi mmeridhika. Ulizeni pia kama iliwekwa dhamana ya fedha kwa ajili ya urejeshaji. Sheria ya mazingira inaruhusu dhamana kama hiyo kudaiwa, na ikiwepo, ndiyo itakayolipia katapila.

Wazee wasionekane wanapinga maendeleo kwa kutaka malisho. Wana haki, na ardhi ile ni yao kabla haijawa ya mtu mwingine. Nikumbushe tu Kondoa, mkoani Dodoma. Mradi wa hifadhi ya udongo ulianza mwaka 1973 ukajenga matuta na kupanda miti, na mmomonyoko ukaendelea. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa, na uoto ukarudi kwa nguvu ambayo matuta hayakuwahi kuileta. Iliwaumiza sana wafugaji, na singependa kuona hatua kali kama ile kwenye ekari tano ambazo kijiji kinaweza kukubaliana chenyewe. Mnao utamaduni wa kutenga alalili. Itengeni hii kwa jina hilo, na watu wataiheshimu kuliko ubao wa kampuni.

Mbuzi, basi. Mwaka huu na ujao mkate nyasi kwa mundu mbebe, mwishoni mwa masika, baada ya mbegu kupukutika, na muache shina la urefu wa kiganja. Nyasi za kudumu zikishamwaga mbegu misimu miwili, na kopo likizamisha maji kwa muda unaokaribia wa jirani, waingizeni ndama kwanza, wiki chache tu wakati ardhi ni kavu, kamwe si wakati wa tope kwa sababu kwato zitashindilia upya kile mnachojaribu kukifungua. Mbuzi waje mwisho, pale miche iliyojiotea itakapopita urefu wa mdomo wa beberu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Na hata siku hiyo, bakizeni kona moja ya mita 20 kwa 20 isiyoingiliwa na mnyama yeyote. Mkiona ndani ya kona nyasi zinaendelea kuongezeka na nje zinapungua, mtajua tatizo ni idadi ya mbuzi; zikipungua kote, tatizo bado ni la machimbo na barua iandikwe tena. Kona hiyo izungushieni matawi ya miiba ya mgunga kama mnavyofanya kwenye boma. Waya utaibwa.